Nipishe Kidogo, Mpendwa

Nchi yetu ya Shwari haina ajali za barabarani. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu mimi ndiye ninayeziandika. Ni karani daraja la tatu katika Wizara ya Barabara na Utulivu, Idara ya Takwimu za Ajali, chumba namba tisa, ukishapita choo kisichofunguka. Mwaka ule ninaousimulia daftari langu lilikuwa jeupe kama sanda.

Nisieleweke vibaya. Watu walikuwa wakigongwa. Lakini kugongwa ni jambo moja na ajali ni jambo jingine, kama anavyopenda kutukumbusha mkuu wangu wa idara, Bwana Fumbwe. Fomu ya ajali ina safu kumi na nne, na ya sita inauliza: "Sauti ya chombo iliyosikika kabla ya kugonga." Zamani tuliijaza bila taabu: honi, breki, mngurumo. Fomu ambayo safu ya sita iko wazi haijakamilika, na fomu isiyokamilika si ajali, ni karatasi tu. Karatasi hizo tulizitia katika kabati la chuma lenye maandishi "Matukio ya Kutokusikia". Kabati likajaa. Tukaomba la pili.

Zilizotufikisha hapo ni pikipiki za umeme.

Zilizinduliwa na Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kitwana Mbiu, uwanjani, mbele ya umati uliopewa fulana. "Ndugu wananchi!" alisema. "Moshi tumeushinda! Kelele tumezishinda! Kuanzia leo taifa letu litasonga mbele bila mwananchi yeyote kusikia chochote!" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Na kusema kweli zilikuwa pikipiki nzuri. Hazikunuka, hazikutoa moshi, na watoto wenye pumu wakaanza kulala vizuri. Ila hazikuwa na mlio. Zilikuja kama mtu aliyevua viatu. Wananchi wakaziita paka. Ulikuwa unakwenda zako, unahisi kaupepo kadogo shingoni, na pikipiki imeshakupita, dereva na abiria wake wanaonekana migongo. Aliyehisi upepo alisema alhamdulillahi. Asiyeuhisi hakusema kitu.

Wanasheria wa Wizara walikaa wakachunguza. Sheria yetu inasema chombo cha moto ni kile kinachounguruma. Paka haungurumi, basi si chombo cha moto. Hana pedeli, basi si baiskeli. Wakahitimisha kwamba ni mtu anayekwenda kwa miguu, ila ana haraka. Kwa hiyo paka wakaruhusiwa kupita njia za waenda kwa miguu, na madereva wao hawakutakiwa kuwa na leseni wala kofia ngumu, maana tangu lini mtu akaomba leseni ya kutembea?

Watu wa mji mkuu wakajifunza kutembea wakiangalia nyuma. Kwa kuwa waliangalia nyuma, waligongana na vilivyokuwa mbele. Akina mama wauza maandazi walikaa wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Hospitali ikafungua wodi ya shingo.

Sasa nimtaje Bi Mashavu, maana habari hii ni yake.

Bi Mashavu alikuwa opareta wa simu wa Wizara. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumfanya mtu aliyepiga simu kutukana ajikute anaomba radhi. "Wizara ya Barabara na Utulivu, nikusaidie nini, mpendwa?" Ndivyo alivyoipokea kila simu. Mimi aliniita mdogo wangu, na nilipougua malaria aliniletea uji kwangu siku nne mfululizo.

Mumewe, Bwana Kondo, haoni tangu utotoni. Ni fundi wa kusuka viti vya henzirani. Kila siku saa saba mchana alikuja kwa miguu kutoka nyumbani, fimbo yake nyeupe mkononi, akasimama ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu. Bi Mashavu alitoka na hotipoti, akavuka, wakaketi kwenye benchi la upande ule wakala. Miaka kumi na tisa. Tungeweza kurekebisha saa zetu kwa mlio wa fimbo ile.

"Mji huu niliujua wote," aliniambia siku moja. "Mashine ya kusaga iko pale, bomba linavuja pale, fundi bati yuko pale. Barabara yenyewe ilikuwa inaniambia iko wapi. Siku hizi inanyamaza, halafu inanigonga."

Paka walikuwa wamemvunjia fimbo mbili ndani ya mwezi mmoja. Fimbo ya pili ilipovunjika, Bi Mashavu aliketi akaandika barua kwa Waziri. Ilikuwa fupi: Mheshimiwa, naomba pikipiki hizi zipewe sauti, mume wangu asife.

Wizara ililichukua jambo hilo kwa uzito mkubwa, yaani iliunda Kamati. Kamati ya Sauti ilizuru nchi nne kusikiliza. Iliporudi ilijaribu mngurumo wa simba, watu wakakimbilia katikati ya barabara. Ikajaribu ngoma, watu wakacheza katikati ya barabara. Mwezi wa kumi na moja mwenyekiti, amechoka, alipiga simu wizarani kuomba aongezewe muda, akasikia: "Nikusaidie nini, mpendwa?" Akajikuta amesogea upande mmoja wa kiti, kama anayempa mtu nafasi. Sauti ikawa imepatikana.

Tulimrekodi chumbani kwangu, namba tisa, chini ya blanketi langu la kijeshi ili kelele za mji zisiingie. Maneno yalitungwa na Kamati kwa wiki tatu. Bi Mashavu alikohoa kidogo, kikohozi chake kile cha kusafisha koo, akasema: "Nipishe kidogo, mpendwa. Napita." Fundi mitambo akauliza kama arudie kwa sababu ya kikohozi. Kibali kilikuwa cha kurekodi mara moja tu. Kikohozi kikabaki.

Alipotoka chini ya blanketi alikuwa anatokwa jasho na kucheka. "Mdogo wangu," akasema, "sasa Kondo atanisikia mpaka achoke."

Visanduku elfu nne vya sauti vikatengenezwa, vikawekwa stoo. Havikufungwa kwenye pikipiki mara moja. Mheshimiwa Mbiu alitaka kufunga cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe, naye alikuwa ng'ambo anapokea tuzo ya usalama barabarani. Tukangoja wiki moja. Tukangoja ya pili.

Siku ya kumi na sita, saa saba na dakika tano, nilikuwa langoni. Bwana Kondo alikuwa amekwisha simama ng'ambo. Bi Mashavu alinipita na hotipoti yake, akaniambia ni wali na maharage ya nazi, na kwamba nisiondoke kabla hajaniwekea. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka. Paka alitokea nyuma ya lori la maji lililoegeshwa.

Sikusikia kitu. Hilo ndilo ninaloliota. Sikusikia kitu kabisa, mpaka hotipoti ilipoanguka na mfuniko wake ukaviringika barabarani, ukizunguka, ukizunguka, ukalala.

Bwana Kondo aliinua uso. "Mashavu?" akaita. Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja mwenziwe amalize kutafuna. "Mashavu, umeangusha nini?"

Dereva alikuwa mtu mzima, anaitwa Lukuba. Alikuwa ameketi chini, mkono umevunjika, anarudia maneno yale yale: "Sikumwona. Na yeye hakunisikia. Sikumwona. Na yeye hakunisikia."

Alasiri nilijaza fomu. Nilipofika safu ya sita kalamu ilisimama. Nikamwendea Bwana Kondo, nikamuuliza alisikia nini, nikiomba moyoni aseme chochote, hata tairi. Akasema, "Niliisikia hotipoti."

Nikaandika: hotipoti. Bwana Fumbwe aliisoma, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hotipoti si chombo cha usafiri," akasema. Akaifuta kwa ufutio wake mwenyewe, taratibu, akaitia karatasi katika kabati la tatu.

Tulimzika siku ile ile. Zikapita siku thelathini na tisa. Mheshimiwa akarejea na tuzo yake, akafunga kisanduku cha kwanza, mafundi wakafunga vilivyobaki, na kwa amri yake vyote elfu nne vikawashwa kwa pamoja, saa nne asubuhi, siku ya arobaini.

Nilikuwa msibani. Kisomo kilikuwa kinaendelea, tumekaa juu ya mikeka uani, Bwana Kondo katikati yetu na kikombe cha kahawa mkononi. Nje ya ua, barabarani, mtu akakohoa kidogo.

"Nipishe kidogo, mpendwa. Napita."

Msomaji alinyamaza katikati ya aya. Mama mmoja aliangusha sinia. Bwana Kondo aliweka kikombe chini polepole, akasimama, akaacha fimbo pale pale mkekani, akatembea. Alitembea kama mtu anayeona. Alipita katikati ya watu bila kumkanyaga hata mmoja, akatoka mlangoni, na mguu wake ulikuwa umeshagusa lami binti yake Chausiku alipomdaka kanzu kwa nyuma. Pikipiki ilipita mbele ya pua yake.

"Baba! Unakwenda wapi?"

"Mama yako anapita," akasema. "Hukumsikia?"

Ya pili ikapita, ikakohoa, ikasema. Ya tatu. Kisha kutoka mtaa wa nyuma, na kutoka njia panda, na kwa mbali kule sokoni, kikohozi juu ya kikohozi, mpendwa juu ya mpendwa. Marehemu alikuwa ameingia mjini kwa njia zote. Watu wazima tukakaa uani tunatazama miguu yetu.

Sauti ile, hata hivyo, ilifanya kazi. Sina budi kukiri. Watu walipisha. Walipisha huku wanatabasamu, wengine wakajibu, "Pita, mama." Wodi ya shingo ikafungwa. Kwa waliomjua mambo yalikuwa mengine. Pale wizarani mezani pake pakawa na opareta mpya, lakini kila pikipiki ikipita dirishani, sisi sote tuliinua vichwa na kumtazama dada wa watu, hadi akaomba uhamisho. Mimi nilianza kwenda kazini kwa njia ya makaburini, kwa kuwa ndiyo peke yake ambako sikumsikia.

Na Bwana Kondo, kila aliposikia sauti, aliifuata. Ile sauti iliyowekwa ili watu wakae mbali na pikipiki, yeye ilimvuta. Mara mbili majirani walimtoa katikati ya barabara, mikono mbele, anatabasamu. Mara ya tatu pikipiki ilimkwaruza nyonga. Chausiku akaanza kumfungia mlango kwa ufunguo, naye akahamishia kiti chake dirishani, akasuka huku anasikiliza. Alikonda. Viti alivyosuka vilianza kutoka na mashimo.

Chausiku akaja wizarani, nami nikamwingiza kwa Bwana Fumbwe.

"Naomba sauti ya marehemu mama yangu ibadilishwe," akasema. "Au basi isisikike mtaani kwetu. Itamuua baba."

Bwana Fumbwe alivaa miwani. "Marehemu yupi?"

"Bi Mashavu. Opareta wenu."

"Huyo? Asubuhi hii ameniomba njia mara nne, mzima wa afya." Akafungua jalada. "Hatuna kifo hapa, binti. Tuna tukio la kutokusikia. Kwa mujibu wa kumbukumbu, mama yako hakufa. Alishindwa kusikia. Tena tumempandisha cheo, ni Sauti ya Taifa. Mtumishi anayefanya kazi usiku na mchana, bila likizo, serikali itamwandikaje kuwa amekufa?"

"Kama hajafa," akasema Chausiku, "basi mwambieni arudi nyumbani. Baba anamngoja."

Bwana Fumbwe hakuwa na fomu ya jambo hilo. Nilimwona akiitafuta.

Jioni Chausiku alimweleza baba yake alikokwenda. Nilikuwepo. Sikuwahi kumsikia Bwana Kondo akipandisha sauti kabla ya siku ile. "Nani kakutuma?" akafoka. "Mama yako alikufa sikusikia! Nilikuwa nimesimama pale pale, na masikio yangu haya, sikusikia! Sasa nimempata, na nyinyi mnataka kunifanya kiziwi tena?"

Chausiku alikwenda jikoni akalia juu ya sufuria. Ufunguo aliendelea kuuficha.

Jambo hilo lilikatwa na wivu wa Mheshimiwa Waziri. Walimu shuleni waliwauliza watoto ni nani anayelinda usalama wa barabara zetu, watoto wakajibu kwa pamoja, "Mama Napita." Mheshimiwa hakulala siku mbili. Siku ya tatu alitangaza kwamba taifa lililokomaa haliongozwi na kikohozi, na kwamba yeye, pamoja na majukumu yake mazito, amekubali kujitolea sauti yake.

Visanduku vikabadilishwa mtaa kwa mtaa. Sauti mpya ilisema: "Ndugu wananchi, mimi Waziri wenu, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kitwana Mbiu, kwa niaba ya serikali sikivu, na kwa kutambua umuhimu wa miundombinu katika maendeleo endelevu, napenda kuchukua fursa hii adhimu kuwaarifu kwamba napita."

Hakuna aliyesogea. Si kwa ukaidi. Wananchi wa Shwari walikuwa wameisikia sauti ile redioni miaka ishirini na miwili, na miili yao ilikuwa imejifunza cha kufanya ikianza: kutazama mbali na kungoja iishe. Walisimama katikati ya njia, macho yamelegea, wakigongwa karibu na neno "miundombinu". Aliyebahatika kufika "fursa hii adhimu" alikuwa tayari yuko chini ya gurudumu.

Na hapo daftari langu likaanza kuandikwa. Safu ya sita ilikuwa na jibu. Sauti ya chombo iliyosikika kabla ya kugonga: hotuba ya Mheshimiwa Waziri. Niliandika hivyo mara sitini na moja mwezi wa kwanza, kwa mwandiko wangu bora, na fomu zote zilikuwa kamili. Bwana Fumbwe alizitazama kwa hofu. Hakupata pa kufuta.

Nyumbani kwa Bwana Kondo dirisha lilikuwa limenyamaza. Kwa siku kadhaa aliendelea kukaa pale, kichwa kimeinama upande, akiichuja hotuba kama mtu anayetafuta punje katika pumba. Hakuna alichopata. Akaacha kusuka. Chausiku aliuacha mlango wazi makusudi, lakini baba yake hakutoka.

Ijumaa moja, baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa nimeketi naye kibarazani. Pikipiki ilisimama, na kabla haijasimama ilikohoa.

"Nipishe kidogo, mpendwa. Napita."

Bwana Kondo alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Aliyeshuka alikuwa Lukuba, mkono wake mmoja umepinda kwenye kiwiko. Nilitaka kusimama nimfukuze. Akanitangulia.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema. "Mimi ndiye Lukuba. Ndiye niliyemgonga mama."

"Marahaba," akasema Bwana Kondo. "Umefuata nini?"

"Nimeshindwa, mzee. Walipobadilisha visanduku mimi nilijificha. Nikasema huyu mama nilimuua, hata sauti yake niing'oe? Lakini ananielemea. Nikiwasha, anakohoa. Kila abiria, kila kona, ananiita mpendwa. Mimi!" Alikuwa analia, machozi yanatiririka bila kuyafuta. "Nimekileta. Ni chako. Ukitaka nitakifunga hapa dirishani pako, ukisikilize mpaka mwisho wa siku zako. Au niambie nifanye nini."

Chausiku alikuwa ametoka, amesimama mlangoni, kiganja mdomoni.

"Kiwashe," akasema Bwana Kondo.

Kikohozi. Maneno manne. Kimya.

"Tena."

Lukuba akawasha tena. Bwana Kondo alisikiliza uso umekunjamana, kama fundi anayepapasa kiti kilichosukwa na mtu mwingine.

"Kikohozi ni chake," akasema mwishowe. "Haya mengine siyo. Miaka thelathini na moja, Mashavu hajawahi kuniomba njia. Nyumbani akitaka kupita alikuwa ananikanyaga tu." Midomo yake ilitetemeka, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka. Kisha akawa anafanya yote mawili. "Ananikanyaga, halafu ananiuliza miguu yangu inatafuta nini njiani. Huyu hapa ni mtu wa ofisini. Wamemweka kazini, masikini, tangu tumzike hajapumzika hata siku moja."

Mbuzi wa jirani alikuwa anatafuna gazeti.

"Kizime," akasema.

"Mzee, nikizima pikipiki itakuwa bubu kama siku ile."

"Wewe ni bubu?"

"Hapana, mzee."

"Mdomo unao?"

"Ninao."

"Basi sema mwenyewe. Ukiona mtu, sema. Na ukisema, punguza mwendo usubiri akusikie. Mke wangu mwache alale."

Lukuba alichomoa waya. Ilikuwa kazi ya vidole viwili tu, na katika nchi nzima hakuna kamati iliyowahi kuifikiria. Kisanduku alimpa Chausiku, naye akakipokea kwa mikono miwili, akakiingiza ndani. Kisha Lukuba akapanda pikipiki yake, akaondoka mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, na tukamsikia akienda, sauti ya kukwaruza, ya aibu, ya mtu asiyezoea: "Jamani, napita! Naomba njia jamani, mimi Lukuba, napita!"

Bwana Kondo alisikiliza hadi sauti ilipoishia kwenye kona. Akaomba fimbo yake. Chausiku alinitazama, nikamtazama, akampa. Alitoka peke yake, akigonga ardhi mbele yake, tok, tok, mpaka ukingo wa lami, sisi tukimfuata hatua kumi nyuma.

Kutoka upande wa sokoni mwanamke alikuwa anakuja na pikipiki, ndizi zimefungwa nyuma. Hotuba ya Mheshimiwa ilikuwa imefika kwenye "serikali sikivu". Mwanamke aliiona fimbo nyeupe. Akapiga breki, akaizidi hotuba kwa koo lake mwenyewe: "Baba! Wewe baba wa fimbo! Niko kulia kwako, napita!"

Bwana Kondo akasimama. Akageuza sikio. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akampisha.